Mjomba alivyokwenda Zanzibar kumtafuta mwizi wa mchele wake

UKISIMAMA Tunduma mjini asubuhi, macho yote yanatazama upande mmoja. Malori yamepanga foleni kuelekea Nakonde, wabadilisha fedha wanawaita wenye kwacha, na kila mwenye gunia la mahindi anauliza swali lilelile: "Wazambia leo wananunua bei gani?"

Ni wachache wanaogeuka kuuliza barabara hiyo hiyo inaishia wapi upande wa pili. Inaishia Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka mpakani. Baada ya hapo kuna bahari, na ng'ambo ya bahari kuna visiwa vya Unguja na Pemba ambavyo Sensa ya 2022 ilivikuta na watu 1,889,773. Hao ni wengi kuliko mkoa wetu wote wa Songwe, uliohesabiwa watu 1,344,687 katika sensa hiyo hiyo. Ni watu ambao wali ndicho chakula chao kikuu, na mashamba yao hayatoshi kuwalisha.

Agosti 2024 nilifuatana na mjomba wangu kwenda kuliona soko hilo. Mjomba hununua mpunga wa Kamsamba, wilayani Momba, akaukoboa na kuuza mchele Mlowo. Tulikwenda kwa basi, tukavuka kwa boti, tukakodi gari Unguja, kisha tukapanda boti nyingine hadi Pemba. Tangu kutoka nyumbani hadi kurudi zilipita siku tisa.

Haikuwa safari ya matembezi. Mjomba alikuwa na deni.

Mwaka uliotangulia alipeleka Unguja tani 10 za mchele kwa dalali aliyemfahamu kwa simu tu. Kabla ya mzigo kuondoka alitajiwa bei nzuri. Ulipofika aliambiwa bei imeshuka kwa kuwa mchele wake si wa daraja la kwanza. Fedha zilikuja kwa mafungu, na fungu la mwisho lilifika baada ya miezi miwili. Siku zote hizo riba ya mkopo wake ilikuwa ikihesabika.

"Mpwa wangu, nakwenda kumwona huyo mwizi kwa macho," alinambia.

Mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kumuunga mkono.

Mpaka mmoja hautoshi

Mkulima wa Songwe amezoea kuutegemea mpaka, na mpaka una tabia zake. Juni 2017 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi, na waliokuwa wamenunua kwa ajili ya soko la nje wakabaki na maghala yaliyojaa. Mwaka 2024 mambo yaligeuka. Ukame uliikumba Zambia hadi rais wake akautangaza kuwa janga la kitaifa, na Tanzania ikakubali kuiuzia nchi hiyo tani 650,000 za mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA).

Mpaka ni uleule, lakini mwaka mmoja ulifungwa na mwaka mwingine ukafunguka. Kuondolewa kwa usumbufu wa forodha, hasa tangu Kituo cha Pamoja cha Forodha cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa Oktoba 2019, kumesaidia sana. Hata hivyo, kituo hakiwezi kuamua mvua inyeshe wapi wala serikali ipi itafunga usafirishaji.

Ndiyo maana mfanyabiashara wa Songwe anahitaji soko la pili ambalo halivuki mpaka wa nchi. Zanzibar ni mojawapo. Lakini soko la mbali halijulikani kwa simu. Simu inakupa bei. Haikwambii bei hiyo ni ya mchele wa aina gani, wa mwezi gani, na unalipwa lini.

Kufika kwenye boti

Njia ya kufika Dar es Salaam ni chaguo la msafiri. Reli ya TAZARA, iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976, inapita Tunduma, na ndege zinaruka kutoka Uwanja wa Songwe ambao, pamoja na jina lake, uko Mbeya. Sisi tulipanda basi, tukashuka kituo cha Magufuli, Mbezi Louis, na kulala Dar es Salaam usiku mmoja.

Mgeni asichanganye vivuko viwili. Pantoni ya Kigamboni ni nyingine na boti za Zanzibar ni nyingine. Boti za Zanzibar ziko Barabara ya Sokoine, jirani na Kanisa la Mtakatifu Joseph, na ofisi za kukatia tiketi ziko hapo hapo. Usimpe fedha kijana anayekukimbilia nje akikwambia tiketi zimekwisha. Ingia ofisini, onyesha kitambulisho cha taifa, na uhakikishe jina lililoandikwa kwenye tiketi ni lako. Mtanzania hutozwa nauli ndogo kuliko mgeni wa nje, hivyo anayesahau kitambulisho anajitafutia hasara.

Boti ya mwendo kasi huchukua kama saa mbili hadi bandari ya Malindi, Unguja. Agosti ni msimu wa upepo wa kusi na mawimbi yalikuwa makubwa. Mjomba, ambaye maji mengi aliyozoea ni ya mto Momba, aliomba mfuko wa plastiki kabla hatujafika katikati ya safari. Asiyezoea bahari ale kidogo asubuhi, akae sehemu ya nyuma chini, na atazame mbali badala ya kutazama simu.

Mzigo hausafiri hivyo. Mchele huvuka kwa meli za mizigo na majahazi, na ukifika hukaguliwa. Mwenye mzigo awe na risiti za ununuzi na vibali vya mazao kutoka alikotoka, na ajue kwamba Zanzibar ina taasisi zake, ikiwamo Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Kufika na karatasi za bara peke yake ukitegemea zitamaliza kila kitu ni kujichelewesha.

Gari la kukodi ni hesabu, si anasa

Watu wengi waliposikia tumekodi gari walicheka. Walidhani gari la kukodi ni la Wazungu wanaokwenda ufukweni. Mjomba mwenyewe alipendekeza tupande daladala, ambazo ziko nyingi na nauli yake ni ndogo. Ile namba 116, kwa mfano, inakufikisha Nungwi.

Tukakaa tukapiga hesabu. Tulitaka kuona masoko ya mjini, hoteli za kaskazini, vijiji vya mashariki na mabonde ya mpunga katikati ya kisiwa. Kwa daladala, kila upande ungekula siku nzima, na kila siku ina chumba cha kulala na chakula. Kwa gari tulimaliza yote kwa siku mbili. Unguja ina urefu wa kama kilomita 85, hivyo hakuna mahali ambapo huwezi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kama mko watatu au wanne, gari linakuwa rahisi zaidi maana gharama mnagawana.

Nasi tulifanya makosa, na ni vizuri wengine wayajue. Gari tulilopewa lilikuwa na tairi la akiba lisilo na upepo. Tulilijua hilo baada ya kupata pancha karibu na Kinyasini, jua la saa saba likiwa kichwani. Tulisimama hapo saa nzima hadi kijana wa baiskeli alipolipeleka tairi kwa fundi.

Kabla ya kulipa, zunguka gari lote, piga picha kila mkwaruzo, kagua tairi la akiba, jeki na mafuta. Mkataba uandikwe, utaje bei ya siku, saa ya kurudisha, na nani anabeba gharama gari likiharibika lenyewe. Mwonyeshe mwenye gari leseni yako, na umtake aandike kwamba ameikubali na kwamba bima inamgusa dereva mwenye leseni hiyo. Kama ana kibali chochote cha kukutafutia, akitafute yeye kabla hujawasha gari, kwa sababu askari wa barabarani wapo na wanasimamisha.

Polo moja, michele miwili

Siku ya kwanza tulianzia Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904 ukingoni mwa Mji Mkongwe, kisha tukaenda Mwanakwerekwe. Katika maduka ya nafaka utakuta mchele wa namna mbili kubwa. Wa kwanza ni mapembe, mchele wa bei nafuu unaotoka nje kwa meli, ambao ndio unaolisha nyumba nyingi kila siku. Wa pili ni mchele wa bara, na hapo jina moja linatawala: mchele wa Mbeya. Uwe umetoka Kyela, Kamsamba au Usangu, mnunuzi wa Zanzibar anauita wa Mbeya. Anaununua kwa sababu ya harufu na ladha, hasa kwa siku za wageni, harusi na sikukuu.

Maana yake ni kwamba mchele wetu haushindani na mapembe kwa bei, na hauwezi kumshinda. Unashindana kwa ubora. Ukipoteza ubora umepoteza sababu ya kununuliwa.

Mjomba alikuwa amebeba kilo mbili za mchele wa mzigo ule ule wa mwaka uliopita, aliokuwa ameutunza kama ushahidi. Muuza nafaka mmoja wa makamo aliumwaga kwenye sinia, akauchezesha kwa vidole, akainusa ile harufu, kisha akautenganisha mafungu mawili.

"Mzee wangu, mchele wako una harufu nzuri, wallahi," alisema. "Lakini tazama. Hizi punje ndefu na hizi fupi. Hizi nyeupe, hizi zina wekundu. Na chenga zimekuwa nyingi. Polo moja ina michele miwili. Mimi nikimuuzia mtu huu, wiki ya pili harudi dukani kwangu."

Mjomba alinyamaza. Kisha akasema polepole: "Hilo sikulijua, ndugu yangu."

Alilijua, ila hakuwahi kulifikiria. Mzigo ule aliukusanya kwa wakulima wa vijiji kadhaa, mbegu mbalimbali, na baadhi ya mpunga ulikuwa umeanikwa juani kupita kiasi. Wote uliingia mashine moja na kutoka ndani ya magunia yaliyofanana. Kule Mlowo hakuna aliyelalamika kwa sababu mnunuzi wa Mlowo anaangalia juu ya gunia. Mnunuzi wa Unguja anachoma bambo katikati na chini.

Dalali tulimpata jioni. Hakukana kwamba alichelewesha fedha, na kwa hilo mjomba alimweleza maneno yake yote. Lakini alitoa daftari lake na kuonyesha maduka mawili yaliyorudisha magunia. Tuliondoka pale bila ugomvi, na njia nzima ya kurudi tulikolala mjomba hakutaja tena neno mwizi.

Kwa mkulima, jambo hili linaanzia shambani. Mpunga uvunwe ukiwa umekomaa sawasawa, uanikwe kwenye turubai na si kwenye lami, tena taratibu, hadi unyevu ufike asilimia 14 au chini kidogo. Ukianikwa haraka kwenye jua kali punje inapata nyufa ndani, na mashine ikiigusa inatoka chenga. Mbegu moja ikobolewe peke yake. Na lumbesa, ambayo sheria inaikataza, tuiache: mnunuzi anayelipa kwa kilo hana haja nayo, na kuli anakutoza zaidi kuibeba.

Hoteli zinataka nini

Siku ya pili tulielekea kaskazini kupitia Mahonda, penye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, hadi Nungwi. Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na wengi hulala pwani za kaskazini na mashariki. Watu hao wanakula viazi mviringo, vitunguu, karoti, parachichi, maharage na mchele, vitu ambavyo nyanda zetu za juu zinavitoa kwa wingi. Wanakunywa pia kahawa, na Mbozi ni wilaya ya kahawa.

Tulizungumza na mnunuzi wa hoteli moja. Masharti yake hayakuwa magumu kuyaelewa, ila ni magumu kuyatimiza ukiwa mmoja: mzigo uje kila wiki bila kukosa, viazi viwe na ukubwa unaolingana, risiti halali iwepo, na malipo hufanyika baada ya siku kadhaa kupita. Mtu mwenye magunia 20 na mkopo wa riba hawezi masharti hayo. Kikundi kinachouza kwa msambazaji aliyeko Unguja kinaweza.

Kutoka kaskazini tulizunguka hadi Paje, pwani ya mashariki. Maji yalikuwa yamekupwa na akina mama walikuwa wakivuna mwani, kilimo kilichoanza kibiashara pwani hiyo mwaka 1989. Mwani wao mwingi hukaushwa na kuuzwa kwa makampuni yanayousafirisha nje, na bei inaamuliwa mbali na kijiji. Baadhi ya vikundi vimeamua kutengeneza sabuni kwa sehemu ya mwani wao. Mjomba alishika kipande cha sabuni, akauliza bei, akauliza na uzito wa mwani ulioingia humo. Usiku aliniuliza kama mchele nao hauwezi kufungwa kwenye mifuko ya kilo tano yenye jina la mahali ulikotoka.

Tukirudi mjini tulipita bonde la Cheju, ambako Wazanzibari wenyewe hulima mpunga. Mkulima mmoja alitueleza kwamba wengi hupanda kwa mvua za masika na kuvuna katikati ya mwaka. Ni wakati ule ule ambao Kamsamba nayo inavuna. Kwa maneno mengine, mwezi ambao sisi tunakimbilia kuuza ndio mwezi ambao mwenzetu naye ana mchele wake ndani.

Kuvuka kwenda Pemba

Gari tulilirudisha Unguja. Kuvusha gari kwenda Pemba kunahitaji meli inayobeba magari, na mwenye gari la kukodi mara nyingi hapendi lihame kisiwa. Tulipanda boti ya abiria hadi Mkoani, na huko tukachukua gari lenye dereva wake.

Mkondo kati ya visiwa hivi unastahili heshima. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa na abiria na mizigo kupita uwezo wake, na mamia ya watu walipoteza maisha. Julai 18 mwaka uliofuata, MV Skagit nayo ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Kwa mfanyabiashara, somo liko wazi. Chombo kilichojaa kupita kiasi usikipande, hata kama biashara inakungoja, na mzigo wako usiupeleke kwa nahodha anayekuahidi nafuu kwa kujaza zaidi. Nafuu hiyo inalipwa na mtu mwingine.

Pemba ina vilima na miti, na barabara inapanda na kushuka kutoka Mkoani hadi Chake Chake na kuendelea Wete. Ilikuwa msimu wa karafuu. Majamvi yalitandazwa mbele ya nyumba, karafuu zimeanikwa juu yake, na harufu inaingia ndani ya gari hata vioo vikiwa vimefungwa. Watoto na wazee walikuwa wamekaa wakichambua, karafuu huku na makonyo kule. Hata makonyo hayatupwi, kwani yanakwenda kiwanda cha mafuta cha Wawi, nje kidogo ya Chake Chake.

Pemba ilipata nafasi hiyo kwa mkosi wa jirani. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Karafuu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC). Kwa miaka mingi bei ya mkulima ilikuwa ndogo, na karafuu zilikuwa zikivushwa usiku kwa magendo hadi Kenya. Mwaka 2011 serikali ilipandisha bei na kuamua mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yakapungua sana.

Kwa wakulima wa kahawa wa Mbozi, ambao tangu msimu wa 2018/19 wamekuwa wakiuza kupitia vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS), hapo pana jambo la kufikiria. Mnunuzi kuwa mmoja au wengi si jambo pekee la kuuliza. Mkulima aulize: kati ya kila shilingi 100 anayolipa mnunuzi wa mwisho, mimi napata ngapi, na napata lini? Kiongozi wa ushirika asiyeweza kujibu swali hilo kwa tarakimu anahitaji kuulizwa tena kwenye mkutano mkuu.

Mjomba alilipeleka kwenye mchele wake. "Mimi ndiye ZSTC ya wale wa Kamsamba," alisema tukiwa Wete. "Sijawahi kumlipa mtu zaidi kwa sababu mpunga wake ni safi. Sasa kwa nini ausafishe?"

Riba inavyokula faida

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, kila mtu aweke zake. Tuseme mchele umegharimu Sh2,000 kwa kilo hapo Mlowo. Roli hadi Dar es Salaam Sh100, kupakia na kushusha Sh30, meli Sh60, bandari na tozo za Zanzibar Sh50, upungufu wa uzito njiani Sh20. Ongeza gharama ya wewe mwenyewe kwenda kuona soko, tuseme Sh900,000. Kwa tani 10 hiyo ni Sh90 kwa kilo. Jumla inakuwa Sh2,350.

Ukiuza kwa Sh2,500 unabakiwa na Sh150 kwa kilo, yaani Sh1,500,000 kwa mzigo wote. Inaonekana faida.

Sasa mwondolee dalali Sh50. Imebaki Sh100. Kama mtaji wote ni mkopo wa riba ya asilimia tatu kwa mwezi, kila mwezi unaopita bila malipo unakula takriban Sh70 kwa kila kilo. Dalali akilipa baada ya mwezi mmoja umebakiwa na Sh30. Akilipa baada ya miezi miwili riba ni Sh141, na umeingia hasara ya Sh41 kwa kilo, ambayo ni Sh410,000 kwa mzigo wote. Bei haijabadilika hata senti moja. Kilichobadilika ni tarehe ya kulipwa.

Ndiyo sababu makubaliano ya lini utalipwa yana uzito sawa na makubaliano ya bei. Afadhali Sh2,450 mkononi siku ya kushusha mzigo kuliko Sh2,500 baada ya miezi miwili.

Mfano huo unaonyesha jambo jingine. Safari ya Sh900,000 kwa mwenye tani moja ni Sh900 kwa kilo, na hiyo haibebeki. Kwa watu watatu wenye tani 10 kila mmoja, ambao wamekodi gari moja, gharama hiyo ikigawanywa kwenye tani 30 ni Sh30 kwa kilo. Mwenye mzigo mdogo asiende peke yake. Atafute wenzake.

Kalenda ya mnunuzi

Jambo ambalo hakuna dalali aliyewahi kumwambia mjomba kwa simu ni kalenda. Yule muuza nafaka wa Darajani alilisema wakati tunaagana: "Mchele wako mzuri usiniletee wakati wa mavuno. Niletee Shaaban."

Shaaban ni mwezi unaotangulia Ramadhani. Katika miezi hiyo na wakati wa Idd, familia za Zanzibar hununua chakula kwa wingi na kwa kuchagua. Tatizo ni kwamba kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi, hivyo kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma kwa siku 10 au 11. Mwaka 2025 ilianza mapema Machi. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Februari, na mwaka 2030 zitaanza Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba.

Mkulima wa Kamsamba anayevuna Juni ana nafasi hapo, endapo anaweza kuhifadhi. Ahifadhi mpunga, si mchele, kwa sababu mpunga mkavu hukaa vizuri zaidi ndani ya ganda lake. Aukoboe wiki chache kabla ya kusafirisha ili ufike na harufu yake. Asiye na ghala aungane na wenye ghala, na asikope fedha ya riba kubwa kwa ajili ya kungojea miezi minane, maana tumeshaona riba inavyofanya kazi.

Alichofanya mjomba

Tuliporudi, mjomba hakununua tena kwa pupa. Aliwaambia wakulima wake kwamba mpunga wa mbegu moja, uliokauka vizuri, atauongezea bei kidogo kwa kilo. Wengine walimcheka, wengine walitenga. Alihifadhi tani nne tu, kwa kuwa fedha yake mwenyewe, isiyo ya mkopo, ilitosha hizo.

Februari 2025 alizikoboa na kuzipeleka kwa muuza nafaka yule wa Darajani, si kwa dalali. Alisafiri na mzigo, akasimama pale ukichomwa bambo gunia kwa gunia. Hakuna lililorudishwa, na alilipwa yote siku ya pili. Faida haikuwa kubwa, lakini ilipunguza deni, na kwa mara ya kwanza alijua ameipataje.

Mpaka wa Nakonde ameuacha palepale na mahindi yake bado anayauza huko. Ila siku hizi akiulizwa Wazambia wananunua bei gani, anajibu, kisha naye anauliza: "Na Shaaban mwaka ujao inaangukia lini?"